Kiraka cha Muda

Benki ya Porto imempigia simu Idalina,
miaka sabini na minne, goti bovu,
kwa sababu malipo ya uzeeni yamekwama
na vijana wa ghorofa ya tano
hawaisomi lugha aliyoandikia.

Wamempa kiti kinachozunguka. Amekikataa.
Kavuta kigoda cha mfagizi, kavaa miwani,
akashuka mstari kwa mstari
kama mtu atafutaye ufunguo
katika nyumba aliyoihama.

Mstari wa elfu nne na kumi na mbili,
maneno yake mwenyewe:
Kiraka cha muda. Nitarekebisha Jumatatu.

Jumatatu ile uchungu ulimshikia kwenye ngazi.
Akazaliwa Telmo.
Kiraka kikabaki, kikalipa wajane, makuli, walimu,
miaka thelathini na minane,
bila kumpunja mtu senti.

Telmo naye akaandika programu, huko Dublin.
Juzi wamemwachisha kwa barua
iliyotungwa na mashine
aliyoifundisha kutunga.

Kijana mmoja anauliza: Tufute, mama, tuanze upya?

Ngoja.
Anaongeza mistari miwili. Malipo yanatoka.
Kisha, chini ya maneno yale ya zamani,
taratibu, kwa kidole kimoja:

Bado kiraka. Jumatatu.