Siku ya Tatu, Kivukoni

Mabomu ya nyuklia, na siku tatu twagombea kitenzi.
Wageni: kusitisha.
Wenzao: kuteketeza.
Nami mkalimani nameza mate ya pande zote mbili.

Bi Somoe wa chai keshahesabu:
vikombe vya wageni havijaguswa;
wamekuja na maji ya kwao, chupa zina lakiri.

Saa tisa umeme ukakatika.
Mapazia yamefungwa, eti usalama.
Gizani mtu akacheka,
sikujua wa upande gani,
sikutafsiri.

Taa zikarudi, nyuso zikarudi kuwa mawe.
Kitenzi kiko palepale.
Ila Bi Somoe, akiondoa vyombo, kanikonyeza:
kikombe cha yule kijana asiyeruhusiwa kusema
kimebaki machicha ya tangawizi tu.