Chumvi Ipo

Darka hufanya kazi usiku, wodi ya figo,
mimi mchana, ghala la nafaka ng'ambo ya reli.
Mlangoni hupishana makoti yetu, si sisi.
Saskatoon, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri:
pumzi huganda ndevuni kabla sijafunga zipu.

Kilichobaki kati yetu ni kidude cha jikoni,
cha duara, mfano wa kopo la jibini,
kinachosikia yote na kuelewa neno moja: ongeza.
"Ongeza maziwa." Ndiyo, Darka.
"Ongeza bitiruti. Ongeza: umeacha taa ya bafuni."
Kikaongeza, juu ya sabuni,
kwa herufi zilezile, na kisanduku chake cha tiki.
Jioni nami nikajibu:
ongeza mayai, ongeza samahani.

Miaka miwili tumeishi hivyo.

Jumapili moja, kwa uvivu au kwa mapenzi
(mwaka wa tisa wa ndoa havitofautiani sana),
nilikaa na kompyuta toka misa hadi giza
nikijenga daraja: huku orodha, kule msaidizi,
akili mnemba iliyosoma kila kitu isipokuwa sisi.
Ufunguo ulikataa mara nne.
Mara ya tano ukakubali, ukafa baada ya saa moja,
nikaufundisha kujifufua.

Msaidizi, adabu tupu:
"Nimeona unga mara mbili. Niuunganishe?"
Unganisha, nikasema, unga na unga ni damu moja.
Akapanga vitu kwa safu za duka,
akahesabu kabati, akaagiza, akafuta.
Kisha: "'Geuza mto, upande wako una joto.'
Bidhaa hii sijaipata katika maduka matatu.
Nitafute mbadala?"

Nikacheka peke yangu hadi paka akashuka mezani.
Halafu sikucheka.
Wiki nzima orodha ilikuwa nyeupe kama ua wa nyuma,
kila alichosema kimefutwa kabla sijavua buti,
na yeye, kwa kutojibiwa, akaanza kutaja vitu tu.

Nikaandika amri, mstari mmoja:
usiguse kisicho na bei.

Akatii. "Ongeza limau. Ongeza:
mzee wa kitanda cha saba kaenda kwao kwa miguu yake."
Limau likaja kwa gari.
La pili nililisoma nimesimama, koti mkononi.

Kisha baridi ikalegea,
theluji ikatiririka mchana, usiku ikaganda kioo.
Alhamisi, saa kumi alfajiri, sina usingizi,
nikafungua daftari la yaliyofutwa:
Chumvi. Ipo, pakiti tatu. Imefutwa.
Chumvi. Ipo, pakiti tatu. Imefutwa.
Siku nne, mara nne.

Chumvi ina bei. Mashine haikukosea.
Ila Darka hatii chumvi chakulani tangu apimwe presha,
na jana niliona glavu yake ya kushoto
imechanika kiganjani,
na juu ya friji, bandeji iliyoanza kufunguliwa.

Ngazi.

Nilitoka na pajama na buti,
nikamwaga pakiti zote tatu, chumvi laini ya mezani,
vidato vitano, kama mtu alishaye kuku gizani.
Barafu ikanong'ona, ikapasuka kidogokidogo.

Saa moja na nusu bado niko nyuma ya mlango,
kazini wananingoja.
Buti zake: kachu. Kachu. Zikasita. Kachu.
Akaingia na baridi yake yote,
hakunitazama mimi kwanza, alikitazama kidude.
"Ongeza chumvi," akasema.

Simu ikatetema mfukoni mwangu.
"Chumvi ipo, pakiti tatu."
Tuliisoma pamoja, vichwa vikigusana,
wake ukinukia dawa ya wodi,
wangu sijui ulinukia nini, sikuuliza.