Saa Nane Usiku, Zonguldak

Feride kanipigia. Nyuma yake king'ora cha mgodi.
Ana majina kumi na moja kwenye karatasi iliyolowa;
la tisa analijua: Tuncay,
mwana wa mama anayemshonea nguo.
Mama hajaambiwa.
Yuko getini na chupa ya chai kwapani.

"Wenzetu watatutangulia. Nichape?"

Nimestaafu. Bado hunipigia, vijana hawa,
wakidhani majibu nimeyafungia kabatini.
Nilichonacho ni jina moja
nililolichapa mwaka themanini na tatu,
sahihi, herufi kwa herufi,
mkewe akalisoma dukani
kwenye gazeti lililofungia mkate.

Sikumwambia chapa. Sikumwambia usichape.
Nikamuuliza: toka hapo hadi getini, hatua ngapi?

"Si kazi yangu kumwambia."

Ni kazi ya gazeti?

Kimya. Kisha kokoto chini ya viatu,
naye akihesabu kwa mnong'ono, kama mtoto,
ishirini na saba, ishirini na nane,
akapoteza hesabu, akaanza upya.
Simu ikaingia mfukoni bila kukatwa.
Nikasikia kifuniko kikifunguliwa,
na sauti ya mama:
"Umepoa mikono, binti. Kunywa kwanza."