Ufafanuzi wa Safu ya Saba

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mmeniuliza, kwa barua yenu ya Jumatatu,
kwa nini taarifa ya wiki ya Wodi Namba Nne, Temeke,
imeongezwa safu kwa rula na kalamu ya bluu,
ilhali fomu mliyotuma ina safu sita,
nazo zinatosha.

Zinatosha, sikatai.
Waliolazwa. Walioruhusiwa. Waliofariki.
Mitungi ya oksijeni iliyoingia, iliyotoka.
Glavu.
Waraka nao tumeubandika mlangoni, juu ya ndoo ya maji,
nakala ya nakala ya nakala,
muhuri umebaki doa, kama chai iliyomwagika,
na mashine ya kutobolea karatasi
imepita katikati ya neno mgonjwa.

Tunaufuata.
Kifungu cha pili: ndugu asiingie.
Ndugu hawaingii. Wamekaa ng'ambo ya barabara
kwenye kivuli cha duka la tairi,
hotipoti mapajani, wanahesabu madirisha.
Kifungu cha tano: chakula cha nje marufuku.
Hapo nitasema kweli, maana mtasikia tu:
mlinzi wetu, Komba, ana kitabu chake getini,
na asubuhi moja chupa ya uji
aliiandika "kifaa tiba, kimoja".
Msimwadhibu. Mwandiko ni wake, imla ilikuwa yangu.

Uji ulikuwa wa Bi Sikudhani, kitanda cha kumi na moja,
muuza vitumbua wa Mtoni Kijichi.
Hakuunywa. Alinusa mvuke, akasema,
"Iliki imezidi. Mwantumu hasikii, yule mtoto."
Kisha akaomba nimpake mafuta miguuni.
Nyayo zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi,
miaka thelathini ya kusimama mbele ya jiko.

Nikausoma waraka toka juu hadi chini.
Hakuna kifungu cha nyayo.
Haukukataza, haukuruhusu.
Nikavaa glavu
(ndiyo maana zimezidi jozi moja,
hilo ni jibu la swali lenu la pili)
nikampaka. Kisigino cha kulia, cha kushoto,
katikati ya vidole, pale mafuta yanapogoma kwenda
mpaka uyasukume.
Akaniita, "Mwanangu." Nikajibu, "Abee,"
sauti ikafia ndani ya barakoa mbili.

Usiku ule mitungi ilikuwa mitatu, vifua vitano.
Waraka unasema: mganga wa zamu atumie busara.
Mganga wa zamu alikuwa Tumpale, miaka ishirini na saba.
Busara hiyo alikaa nayo ngazini, kichwa magotini,
dakika nne, nilimhesabia,
halafu akapanda.
Mengine yamo kwenye safu ya tatu.

Asubuhi nilichukua rula.
Juu nikaandika: Waliopakwa mafuta.
Chini yake: moja.
Wiki iliyofuata kumi na tisa,
maana wenzangu wa usiku walianza nao,
na Mzee Ngonyani mfagizi, ambaye hakuna fomu inayomtaja,
alipaka watatu peke yake, akiimba puani.

Mnauliza mafuta yamenunuliwa kwa fungu gani.
Fungu ni Mwantumu. Bado anakuja.
Mama yake tulimtoa mlango wa nyuma,
kwa mujibu wa kifungu cha nane, gari la manispaa,
watu wanne, hakuna kuosha.
Yeye huja Alhamisi na chupa ya mafuta ya nazi,
humpa Komba, Komba huandika,
haulizi dirisha lilikuwa lipi.

Mnauliza pia kipimo cha mafanikio.
Kipimo sijakipata. Nikikipata nitaandika.
Safu mkitaka kuifuta, ifuteni,
rula ninayo.

Na lile doa pembeni mwa fomu,
mliloliita uchafu,
ni mafuta.

Naomba kuwasilisha.