Silinda ya Kulia

Plagi ya kushoto imetoka na rangi ya mkate mkavu.
Ya kulia, nyeupe kama chaki.
Aune anazilaza juu ya gazeti la juzi,
hasemi neno.

Huku Kemijärvi theluji ya Mei
ingali imeng'ang'ania vivuli vya misonobari.

"Jeti nimebadili mara tatu," Oiva anasema.
"Kubwa, kubwa zaidi, kisha ile ya kwanza tena.
Nimesafisha tangi. Nimetukana."
Ekzosi ya kulia imegeuka buluu hadi shingoni.

Aune anawasha. Injini baridi haina kosa.
Anangoja dakika kumi na mbili,
anadondosha maji kwenye mapezi:
kushoto tone linachemka, linaisha;
kulia linaruka, linakimbia.

Ndipo anapitisha mrija wa gesi, bila moto,
taratibu, kuuzunguka mpira wa kabureta,
na upande wa chini, pasipofika jicho,
injini inapandisha sauti ghafla
kama mtu aliyesikia akitajwa.

Ufa. Mfupi kuliko ukucha.
Ukiwa baridi umefumba,
ukipata joto unaachama,
unakunywa upepo ambao hakuna aliyeupima.

"Inaungua kwa njaa," anasema Aune,
"wewe umekazana kubadili vijiko."

Mpira mpya utafika Alhamisi.
Huu wa zamani ulikuja na pikipiki, themanini na moja,
kiangazi alichooa.
"Niachie," anasema Oiva,
na anaukunja kwa vidole viwili:
unafunguka,
unafumba,
unafunguka.