Genge la Gulwe

Baba, nilifundishwa na mikono yako
kabla ya kitabu.

Mwaka ule Kinyasungwe ilipovimba usiku
ikala tuta, ikaacha reli inaning'inia hewani
kama kamba ya kuanikia nguo,
treni ya mizigo ilikuja na taa zake, haikuona,
kichwa kikazama pua pale pale penye pengo.
Asubuhi genge zima mlisimama,
mataruma tayari, kokoto tayari, chai imepoa,
na hakuna aliyeweza kufunga hata boliti moja:
penye ubovu pamekaliwa.
Mzee Chilongani akalizunguka lile dubwana mara mbili,
akatoa chaki mfukoni, akapiga msalaba ubavuni.
Basi. Wakata vyuma wakajua kazi.

Nimeikumbuka chaki ile leo, ghorofani, maabara ya Dodoma,
vumbi la Septemba likigonga vioo,
na wewe chini kwenye benchi
unasubiri majibu ya kidonda cha shingoni,
pale ambapo kola ya ovaroli haikufika
miaka thelathini na mmoja.

Uliniuliza jua linafanya nini.
Linapiga,
na katika uzi wa vinasaba herufi mbili jirani
zinashikana mikono, hazitaki kuachana.
Mashine inayousoma uzi inakuja mbio, inafika hapo, inakwama.
Haina kosa. Nzima, ina nguvu, juzi tu imeundwa.
Ila imekalia kidonda,
na mafundi wamesimama nje, sululu begani.

Ndipo huja mwenye chaki.
Hubandika alama ndogo, protini juu ya protini,
na nyingine juu ya hiyo, ikawa mkufu;
winchi hushuka, huing'oa,
huitupa kwenye pipa lenye meno ndani
lisilouliza cheo cha mtu.
Hutafunwa. Hutoka punje punje
na punje hizo kesho ni nyundo, au mlango, au mashine ile ile upya.
Njia imebaki wazi. Mafundi wanaingia.

"Na hao wanaovunja," ulisema, "wanalipwa nini?"
Nilicheka. Lakini kuvunja nako kuna gharama, Baba,
seli hulipa taslimu, kwa nguvu zake yenyewe,
hata siku ya njaa.

Yuko na mlinzi mmoja. Huyu hunitoa machozi
bila sababu ya kitaalamu.
Siku za amani huundwa na kuvunjwa, huundwa na kuvunjwa,
hamalizi saa moja,
kama kibarua anayerudishwa getini kila alfajiri.
Utadhani ni israfu. Mimi nilidhani.
Hadi uzi ukatike:
mkono wenye chaki unazuiwa, wanamwacha aishi,
anaongezeka, anajaa chumba,
Simameni! Asigawanyike mtu mpaka njia ipone.
Na isipopona
huiamuru nyumba nzima ijizime, kimya,
jirani wasidhurike.

Katika kidonda chako, nadhani, mlinzi huyo ameharibika sura.
Nadhani tu. Majibu husainiwa na Dakta Mbijima;
mimi sikuruhusiwa kuigusa sampuli yako,
nimeiona trei ikipita,
namba badala ya Ndahani.

Unakumbuka kile kichwa kilivyoisha?
Bati moja likawa kikaangio cha Mama,
moshi wake ulinuka grisi mwezi mzima.
Na kipande kinene mlikining'iniza shuleni, kwenye mgunga,
mwalimu akakigonga kwa nati,
nami nikakimbia peku kwenda kusoma
neno "seli" ubaoni, kwa chaki.

Nashuka ngazi sasa.
Mkononi nina kofia yenye ukingo mpana kama sinia.
Utaikataa, najua.
Utasema genge zima litakucheka.