Daktari wa Kucha

Shangazi Kalunde alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
"Miaka yote ile Dar, mwanangu,
tumeuza ng'ombe, tumeuza tumbaku ya misimu miwili,
urudi Tabora kukata watu kucha?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeinama,
naosha kisigino chake katika beseni la bluu,
kisigino chenye nyufa
kama tope la bwawa la Igombe mwezi wa kumi.

Wenzangu walichagua vizuri.
Aneth alichukua moyo. Moyo una heshima,
hata ukiuma watu hushika kifua kwa adabu.
Sadoki ubongo.
Mwavita macho, na sasa ana gari na kiwanja.
Siku ya kujaza fomu profesa aliniuliza mara mbili,
kama mhudumu wa hoteli anayemuuliza mteja
iwapo kweli anataka ugali bila mboga.
Nikaandika: miguu.

Hakumjua fundi Kasanda wa Isevya.

Ule mwaka wa mafunzo kwa vitendo, Kitete, wodi ya wanaume,
sukari yake ilipanda ikakataa kushuka.
Tulimpima presha, tukasikiliza mapafu,
tukamulika macho, tukajaza kurasa nne za faili.
Asubuhi tatu tulimzunguka watu saba,
wote tumesimama upande wa kichwa.
Soksi zake za kijivu zilibaki miguuni.
Siku ya nne nilizivua mimi,
wala si kwa busara. Kwa sababu ya harufu.

Unyayo wa kulia, chini ya dole gumba,
palikuwa na sindano.
Sindano ya cherehani, nene, ya kushonea jinzi,
imezama, limebaki shina tu.
Akaitazama, akaitambua.
"Hii," akasema, "naitafuta tangu wiki ya Idi.
Nikamgombeza kijana wangu bure."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole
kuliko kujikwaa ulimi.
Wahenga hawakuwa na kisukari.
Dole la Kasanda lilijikwaa likanyamaza,
likaweka siri wiki tatu,
na siri ikaoza.
Tulikata chini ya goti
mguu wa kulia,
ule wa kukanyagia cherehani.

Babu wa babu yangu alibeba pembe hadi pwani.
Habari zake tunazo: uzito wa pembe,
idadi ya siku, jina la tajiri.
Nyayo zilifikaje, hakuna aliyeuliza.
Nami ningepita vilevile, nimeinua uso,
kama si harufu ile.

Basi nina chumba kimoja nyuma ya duka la dawa,
njia ya Kiloleni. Beseni, taa, wembe,
na uzi wa nailoni mgumu kama sharubu la paka,
wa kuuliza ngozi kama bado iko macho.
Sokoni nimegombana na muuza makatambuga
mpaka akakubali kuweka sponji ndani;
anadai namharibia jina.

Alhamisi huja Kasanda na magongo yake,
analeta mguu uliobaki kama mtu anayeleta mtoto kliniki.
"Huu nao usiuamini," husema. "Hausemi."
Amejifunza kukanyaga kwa kushoto.
Koti langu jeupe kalishona yeye.
Pindo limepinda kidogo upande mmoja.
Sijamwambia, wala silinyooshi.

Shangazi amemaliza kucheka.
Maji ya beseni yamegeuka rangi ya mchanga wa nyumbani kwetu.
Nimemfuta kwa taulo, kidole baada ya kidole,
nimeuchukua uzi.
"Fumba macho, Shangazi. Nikigusa, sema."
Anafumba, amekaza uso kama mwanafunzi wa mtihani,
asije akaniangusha.

"Nasikia," anasema.

Sijagusa bado.